Barua ya Kikundi cha Nyuki

Wifi yangu alimchukua binti yangu Jumamosi moja saa sita mchana, na hakunipigia kelele hata kidogo. Hilo ndilo lililoniudhi. Angenitukana ningemtukana, majirani wangetoka kutuamulia, tungerushiana maneno mpaka tuchoke, kisha tungekaa chini tukazungumza. Yeye alisimama tu mlangoni mwa kibanda changu cha cherehani, hapa Itigi, akaangalia. Mimi nilikuwa nimelala chini, kichwa kimelalia vitambaa vya wateja. Binti yangu, mwenye miaka tisa wakati huo, alikuwa amepanda kigoda anampima mama mmoja kiuno kwa futi, anaandika namba kwenye daftari langu na kumwambia mteja, "Mama kichwa kinamuuma, ataishona Jumatatu."

Hayo nilisimuliwa baadaye, na aliyenisimulia ni huyo huyo mteja, tena mbele ya watu, huku akicheka. Ninachokumbuka mwenyewe ni maji usoni. Wifi alikuwa amenimwagia kikombe kizima, polepole, na nilipofumbua macho mfuko wa nguo za mtoto ulikuwa tayari mkononi mwake.

"Mtoto ni wa ukoo wetu," aliniambia. "Kaka yangu amekufa, na mimi sitakaa kwangu Mandewa, Singida, nasubiri kuitwa kwenye msiba wa pili. Nimesikia redioni, mtu haachi pombe peke yake, anatafuta kikundi. Tafuta kikundi, uache, uniletee barua yenye mhuri. Siku nikiiona hiyo barua, mtoto unamchukua siku hiyo hiyo."

Mhuri! Nilitaka kumrukia. Mtoto nimemzaa mimi, leo naambiwa nimkomboe kwa karatasi kama mzigo uliokwama stesheni. Nilijaribu kusimama, miguu ikakataa. Binti yangu aliniambia kwaheri kwa sauti ndogo, akaweka futi vizuri juu ya meza, akamfuata shangazi yake.

Nieleze vizuri, maana watu wa hapa wana habari zangu vipande vipande na kila mtu ameongeza chumvi yake. Marehemu mume wangu alitoka familia ya wafanyabiashara Waislamu wa Singida mjini, wauza vyombo na kanga. Kwetu ni watu wa kanisa, wakulima wa njia ya Rungwa. Tulioana bomani, kila mmoja akabaki na dini yake, na kwa miaka mingi hakuna aliyelalamika. Watu wanapenda niseme kwamba nilianza kunywa baada ya kumzika. Wanataka kutikisa kichwa na kunionea huruma. Si kweli. Mama yangu alipika wanzuki, ile pombe ya asali, na sisi watoto ndio tuliokuwa tunaonja kama imekolea. Mume wangu akiwa hai nilikunywa kwa kujificha, na alipokufa nikaacha kujificha. Asubuhi wanzuki, mchana kichupa cha pombe kali kilichokaa kwenye boksi la nyuzi chini ya cherehani. Niliwahi kuishonea kwaya blauzi nne, zote zikiwa na mikono miwili ya kushoto. Walipozirudisha niliwafokea wao.

Basi nikaanza kutafuta kikundi. Nilidhani ni kazi ya siku moja. Itigi hii ina vikundi mpaka basi: vya kukopeshana, vya kuku, vya alizeti, vya kuzikana, vya kina mama wanaonunuliana sufuria kwa zamu. Nikajiambia hata walevi lazima wana chao.

Nilianzia kwenye zahanati. Kijana aliyenipokea alikuwa na koti jeupe na simu iliyokuwa inamsumbua. Akaniambia kuna kikundi cha wenye kisukari, cha wenye presha, na kingine cha wanaoishi na virusi. "Cha pombe hakuna, dada. Pombe ni kujiamulia tu."

Kujiamulia! Mimi nilikuwa najiamulia kila asubuhi. Hakuna mtu Itigi nzima aliyekuwa amejiamulia mara nyingi kuliko mimi. Nilimuuliza kama na mwenye kisukari naye anajiamulia, akaita mgonjwa anayefuata.

Nikaenda kanisani kwetu. Huko walinipokea vizuri mno, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Waliniwekea mikono kichwani, wakaomba, wakalia, mimi mwenyewe nikalia. Kisha mzee mmoja wa kanisa akasema Jumapili nitasimama mbele nitoe ushuhuda. Nikamwambia bado sijaacha, ndiyo kwanza nina siku tatu, nitashuhudia nini? Akasema nishuhudie kwa imani. Nikakataa. Jumatatu wateja wawili, waliokwisha kusikia habari zangu kutoka kanisani, walikuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo hata sikuwa nimevikata, na mmoja aliniambia ananiombea. Nilikunywa siku hiyo mpaka nikasahau nilikoacha viatu.

Mahali pa tatu ni ofisi ya kata. Yule mama wa maendeleo ya jamii alinisikiliza kwa makini, akavuta fomu, akachukua kalamu.

"Mko wangapi?"

"Niko peke yangu. Ndiyo natafuta wenzangu."

"Mradi wenu ni upi?"

"Kuacha pombe."

Akaweka kalamu chini. "Huo siyo mradi, mama. Mradi ni kitu mnachozalisha. Kuku, mboga, sabuni. Sasa mkishaacha pombe mnazalisha nini?"

Sikuwa na jibu la kistaarabu. Nilimpa lisilo la kistaarabu, nikatoka, na mpaka leo tukikutana sokoni anavuka upande wa pili. Nilikuwa na hasira na kila mtu aliyekuwa anapumua. Ukitaka kulewa, hata mtoto wa darasa la kwanza atakuonyesha mlango. Ukitaka kuacha, unazungushwa ofisi hadi ofisi mpaka koo likukauke, na kilabu kiko hapo hapo njiani.

Kikundi chenyewe kilinijia kibandani, kikiwa kimebebwa begani. Alikuwa mzee mmoja mstaafu wa reli, mrefu, mwenye mwendo wa mtu aliyezoea kutembea juu ya mataruma ya reli. Alileta marobota ya kitambaa kizito cheupe na vyandarua vipya, akataka nimshonee mavazi saba ya kurinia asali: ovaroli zenye mpira mikononi na miguuni, na kofia zenye wavu mbele ya uso. Nilimwamkia, akaitikia, nikaanza kumpima. Futi ikawa inacheza. Niliishika kwa mikono miwili, ikaendelea kucheza.

"Siku ya ngapi?" akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Siku ya ngapi nini, mzee?"

"Mwanangu, hiyo mikono naijua. Mimi nilikuwa siwezi kushika bendera ya kuruhusu treni."

Nilitaka kukasirika, nikajikuta namwambia ni siku ya pili. Hakunihubiria. Alitazama nje kwanza kuona kama kuna mtu, akasema kwa sauti ya chini, "Shona mavazi manane. La nane lako. Jumamosi saa nne asubuhi, njia ya Rungwa, utaniona pale wanapouza mkaa."

Nikashona. Jumamosi nikaenda.

Walikuwa wanaume saba. Mizinga yao ilitundikwa ndani kabisa ya vichaka, kule ambako usipoijua njia miba inakuvua nguo. Kwenye karatasi za ofisi ya kata kile kilikuwa kikundi cha wafugaji nyuki, chenye mwenyekiti, katibu na mhuri wake, na nyuki walikuwa wa kweli na asali ilikuwa ya kweli. Lakini kila mmoja wao alikuwa mlevi aliyeacha, au aliyekuwa anajitahidi kuacha. Mmoja alikuwa mwalimu. Mwingine alikuwa fundi baiskeli. Mwingine, na hapa nusura nicheke kwa sauti, alikuwa yule yule mzee wa kanisa aliyetaka nisimame nishuhudie. Alinikazia macho kupitia wavu wake mpya, nami nikamkazia kupitia wangu.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Kila mtu anavaa, anashusha wavu, kisha kwa zamu mmoja anafungua mzinga wake huku wenzake wamekaa karibu na moshi. Anayefungua ndiye anayezungumza. Anaeleza wiki yake ilivyokuwa, polepole, kwa sauti ya chini, kwa sababu ukipiga kelele unawachokoza nyuki. Hakuna anayemkatiza. Hakuna viapo, maana walevi sote ni mabingwa wa kuapa. Na hakuna haja ya kuulizana nani amekunywa. Kila mrina asali wa huku anajua kwamba nyuki hawataki harufu ya pombe. Ukiwa nayo kwenye pumzi au kwenye jasho watakutafuta kila penye upenyo.

Masega yaliyokamuliwa waliyaosha, wakayayeyusha kutoa nta, na yale maji matamu ya kuoshea wakayamwaga chini mbele ya wote. Hayo ndiyo maji ambayo mama yangu angeyatia chachu akapata wanzuki. Mara ya kwanza kuyaona yakizama kwenye mchanga nilimeza mate mpaka shingo ikauma. Mzee wa reli aliniona. Akanipa ndoo, akasema mara nyingine nimwage mimi.

Nilipata nafuu kule, sitadanganya. Uso ukiwa nyuma ya wavu ulimi unafunguka. Niliwaambia kuhusu blauzi za kwaya na boksi la nyuzi. Niliwaambia kuhusu binti yangu na barua. Katika wiki ya tano nilianguka, nikanywa Ijumaa, na Jumamosi nikaenda hivyo hivyo kwa kiburi nikijidai nimeoga. Nyuki walipita shingoni, pale nilipojishonea vibaya mwenyewe, wakanipiga mpaka macho yakafumba. Wale wanaume walinitoa miiba mmoja mmoja kwa kucha, hakuna aliyenicheka. Hesabu ikaanza upya.

Miezi mitatu mizima ilipopita, mwenyekiti, ambaye ndiye huyo mzee wa reli, alitoa mhuri kwenye leso aliyouviringishia, akaupuliza, akaugonga chini ya barua niliyoandikiwa. Nililia. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu kiasi kwamba barua yenyewe niliisoma mara moja tu na sikuona tatizo. Siku iliyofuata nilipanda basi kwenda Singida.

Wifi alinipokea vizuri. Alinipa chai, akanitazama usoni, akatazama mikono yangu. Mtoto alikuwa madrasa. Kisha akafungua barua na kuisoma kwa sauti, neno moja moja kama anayesoma hukumu: "Mtajwa hapo juu ni mwanachama hai wa kikundi chetu cha wafugaji nyuki, ni mchapakazi na ana tabia njema."

Akaikunja.

"Wafugaji nyuki."

"Wifi, ngoja nikueleze."

"Unieleze nini? Wewe umezaliwa kwenye asali, lakini na mimi nimezaliwa mkoa huu huu. Nani asiyejua masega yanaishia wapi? Nimekuambia utafute watu wa kuacha, wewe umekwenda kwa wapikaji."

Nilimweleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia nadanganya. Wanaume saba, vichakani, wamefunika nyuso, wanaongea na nyuki ili waache pombe. Hata mimi nisingeniamini. Akaniuliza majina yao, nikanyamaza, kwa sababu sheria ya kwanza kule ni kwamba majina hayatoki. Akanirudishia barua.

"Uliwahi kuniambia unaumwa tumbo miaka miwili mfululizo," alisema. "Nenda salama, wifi."

Nilirudi Itigi sijamwona mtoto. Na ajabu ni kwamba njiani sikuwa na hasira naye. Alikuwa na haki. Hasira yangu yote ilikuwa kwa wale saba. Jumamosi nilifika kabla yao, nikawasubiri nimesimama, na walipovaa na kukaa nikatoa barua.

"Nataka nyingine," nikasema. "Iandikwe ukweli. Iandikwe kwamba hiki ni kikundi cha watu walioacha pombe, na mimi nimo, na nina miezi mitatu."

Walitazamana kupitia nyavu zao. Mwalimu ndiye aliyeanza. Alisema haiwezekani, mhuri umesajiliwa kwa nyuki. Alisema barua inatembea, leo iko Mandewa, kesho iko kwa mkurugenzi, na yeye ana ukaguzi shuleni. Fundi baiskeli alisema mke wake anajua anarina asali, basi. Mzee wa kanisa alisema mambo mengine ni kati ya mtu na Mungu wake.

Hapo nikavua kofia. Haikuwa imewahi kutokea pale mtu kuvua kofia mizinga ikiwa wazi.

"Wewe!" nikamwambia. "Wewe ulitaka mimi nisimame mbele ya kanisa zima nikiwa na siku tatu. Siku tatu! Na wewe una miaka minne umejificha porini, na sasa kwenye chandarua nilichokushonea mimi!"

"Punguza sauti," mwalimu akasema, "nyuki."

"Waje! Ninyi mlilewa hadharani. Mwalimu, wewe ulilala kwenye mtaro pale stesheni wanafunzi wako wakakuruka kwenda shule, nani hajui? Fundi, ulimpiga mkeo mbele ya duka. Hamkuona aibu kulewa, mnaona aibu kuacha? Mwanaume akilewa ni mwanaume, akiacha inabidi avae gunia aingie porini? Mimi ni mwanamke, kila kitu changu kimesemwa sokoni, kanisani, mpaka kwenye ofisi ya kata. Sina cha kuficha. Nina mtoto tu. Na mtoto wangu amekaa kwa watu kwa sababu ninyi wanaume saba mnaogopa neno moja!"

Nyuki walikuja kweli. Nilipigwa mara nne usoni, nikaona ni sawa tu, yalikuwa maumivu ninayoyaelewa. Mwenyekiti alikuwa ameinamisha kichwa anachochea moshi. Niliwatupia vazi langu pale chini nikaondoka, na nusu ya njia nililia kwa hasira, nusu nyingine nilikuwa nawaza kilabu gani kiko karibu. Nilikipita. Sijui nilikipitaje. Nadhani nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikutaka hata pombe initulize.

Jumanne asubuhi nilikuwa nakata sketi za shule nilipoona kivuli mlangoni. Mzee wa reli alikuwa amevaa koti lake la zamani la kazi lenye vifungo vya shaba, amelipiga pasi. Nyuma yake alisimama mwalimu, amenyoa ndevu, hatazami popote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Barua hatukuandika," akasema. "Tumekaa Jumapili nzima tumeshindwana. Watano wamekataa. Basi tumekuja wenyewe. Funga kibanda twende."

Nilimwangalia mwalimu. Yeye ndiye aliyekuwa amekataa kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Usiniulize kitu," akaniambia. "Nikianza kufikiri nitarudi nyumbani."

Tulipanda basi la Singida. Mzee na mimi tulizungumza kidogo Kinyaturu kuhusu mvua. Mwalimu alishika begi lake mapajani kama mtu anayepelekwa hospitali. Tulipokaribia Mandewa akanong'ona kwamba dada wa mke wake anakaa mitaa ile ile, nyumba tatu kutoka msikitini. Nikamwambia anaweza kusubiri kituoni. Akasema hapana, lakini alivuka barabara akiwa amegeuza uso ukutani.

Wifi alimwamkia mzee kwa heshima zote, akatandika mkeka, akaleta maji. Kisha akakaa mbele yetu, mikono magotini, akasubiri. Mzee wa reli alivua kofia yake.

"Mama, mimi ni mlevi," akasema. "Nina miaka sita sijanywa. Kabla ya hapo nilifukuzwa kwenye zamu mara mbili, na mke wangu aliondoka na hajarudi mpaka leo, nilikwenda kumwomba akakataa kunifungulia. Hawa nyuki ni kweli tunao. Tuliandika nyuki kwa sababu tuliona haya kuandika pombe. Ni makosa yetu, siyo ya huyu. Huyu alitusema vibaya sana Jumamosi, na alisema kweli."

Wifi akamgeukia mwalimu. "Na wewe?"

Mwalimu alifungua begi lake, akalifunga tena. Nilimwonea huruma na bado nilikuwa nimemkasirikia, vyote pamoja. Nje watu walikuwa wanapita, madirisha yalikuwa wazi.

"Na mimi," akasema. Kisha akasema tena, kwa sauti ya darasani, ya kufika mpaka dawati la nyuma. "Na mimi ni mlevi. Huyu dada ana miezi mitatu na siku zake. Kila Jumamosi namwona."

Nilitaka kusema kitu, mzee akanigusa mkono nikanyamaza. Nilikuwa na maneno mengi: kwamba ni mwanangu, kwamba hakuna haki mtu kuleta wanaume wawili kuja kujivua nguo sebuleni kwa watu ili apewe mtoto aliyemzaa, kwamba tangu lini mama anaombewa dhamana. Niliyameza yote, na yalikuwa makali.

"Mimi nimeridhika," wifi akasema mwisho. "Lakini aulizwe mwenyewe."

Akamwita. Binti yangu alitoka uani akiwa na mikono yenye povu la sabuni, amerefuka, amesukwa nywele vizuri kuliko nilivyowahi kumsuka mimi. Alituamkia mmoja mmoja, mzee, mwalimu, mimi. "Shikamoo mama." Nikaitikia. Hakunikimbilia, alisimama pale pale.

"Mama yako amekuja kukuchukua," shangazi yake akamwambia. "Unataka kwenda?"

Akafikiri. Alifikiri kama mtu mzima anayepewa kazi.

"Mlango atakuwa anafunga nani?" akauliza.

Nilijua mara moja anauliza nini. Kwa miaka miwili ndiye aliyekuwa ananingoja, ananivuta ndani, anazima moto, anaburuta lile komeo la chuma lililokuwa zito hata kwangu, kisha anakaa macho kusikiliza kama kuna mtu nje. Hakuwahi kulalamika. Mimi nilidhani mlango unajifunga. Hasira niliyokuwa nimeibeba tangu Itigi, ya wale watano, ya zahanati, ya kata, ya mzee wa kanisa, niliitafuta ili nimshikie mtu, nikakosa mtu wa kumshikia.

"Nitafunga mimi," nikasema.

Binti yangu hakunitazama. Alimtazama shangazi yake, akasubiri. Na wifi yangu, yule aliyenimwagia maji usoni, aliniangalia kwa muda, akamgeukia mtoto, akaitikia kwa kichwa. Ndipo binti yangu akafuta mikono kwenye gauni, akaingia ndani kufungasha nguo zake.